Upande wa Kushoto wa Picha

Laela, Sumbawanga
10 Februari 2013

Mwanangu Aika,

Shikamoo yako ya kwenye simu naijibu tena hapa kwa maandishi: marahaba. Siku ile ulinyamaza muda mrefu kabla ya kuniamkia, nikadhani mtandao umekatika. Nilikuwa nampigia kaka Primus kumtakia heri ya mwaka mpya, nikaambiwa na sauti ya binti nisiyoijua kwamba baba yake tayari ameshazikwa. Huku kwetu mtandao unapatikana juu ya mwamba tu, na kwa nyonga yangu hii sitaupanda tena. Ndiyo sababu naandika.

Sisi hatujambo. Mke wangu Margareta anakusalimu, ingawa hajawahi kuona hata mmoja wa ukoo wetu. Mahindi yamepata mvua, maharage yameliwa na wadudu. Binti yetu Kindness, muuguzi wa Mbeya, alikuwa hapa Krismasi.

Poleni kwa msiba. Mpe pole mama yako Monica, na kaka yako Elisaria, na dada yetu Bernadetha ambaye najua amelia kuliko wote. Tangu tulipomzika mama mwaka 1983 sijakanyaga Kibosho, na si kwa kupenda. Kila nilipotaka kuja Desemba kaka alinihurumia. Alikuwa akisema: mwaka huu kahawa imeanguka bei, usijitese na nauli. Mwaka huu mvua imeharibu barabara. Mwaka huu tunajenga, utalala wapi? Alikuwa mtu wa kuwafikiria wengine.

Sasa ombi langu. Najua siku hizi hakuna msiba huko unaokosa mpiga video. Naomba filamu ya mazishi. Hapa hatuna umeme wala televisheni, lakini Kindness aliniletea kamashine ka kutazamia video, ukubwa wake ni kama kitabu cha sala, kanachajiwa kwa jua. Nimesoma kijitabu chake mwanzo hadi mwisho. Hakapokei diski. Kanapokea kadi isiyozidi GB mbili, nami ninayo moja tu, nimeifunga humu. Uliniambia kazi yako mjini Moshi ni kudurufu karatasi na kuchoma diski, basi nimepata fundi wa nyumbani.

Nataka kumwona kaka akishushwa. Na nataka kuiona ile nafasi kando ya mama, ng'ambo ya mfereji. Mama aliigawa mwenyewe, mbele ya mjomba: mimi kitindamimba, niliyeachiwa nyumba yake, nitalala karibu naye. Nina miaka sabini na moja, Aika. Mtu wa umri huu hupenda kujua kitanda chake kikoje.

Baba yako mdogo,
Leonce


Moshi
17 Machi 2013

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua na kadi nimevipata kwa wakala wa basi. Nafurahi kusikia hamjambo. Mwambie Mama Mdogo Margareta namwamkia. Huku mvua zinasuasua. Mama anavimba miguu lakini Jumapili alifika kanisani. Migomba iliyoangushwa na upepo wa Januari tumeinyanyua. Elisaria anaendelea na ujenzi wake.

Filamu ipo. Mpiga picha alikuwa na kamera kubwa, kwa hiyo faili ni zito sana. Nimelipunguza hadi likaingia kwenye kadi yako. Nadhani litacheza. Lisipocheza usijisumbue sana, Baba Mdogo. Msiba ni msiba, yote unayajua: watu walikuwa wengi, padri alisema vizuri, watu wakala, wakatawanyika.

Mwanao,
Aika


Laela
21 Aprili 2013

Mwanangu Aika,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Baridi imeanza kushuka, na Margareta amerudi kwenye kwaya ya akina mama baada ya kugombana nao mwaka mzima kuhusu vitenge.

Filamu haikucheza. Kamashine kaliniandikia kwamba hakalitambui faili. Nilirudi kwenye kijitabu, na huu ndio ukweli wake: ingawa dukani wanakaita MP4, faili la MP4 ndilo kasilolitaka. Kanataka AVI. Waliokatengeneza wana utani wao. Picha isizidi nukta 320 kwa 240, na sauti iwe ya MP3. Nimekunakilia maneno hayo kama yalivyo, uyaingize kwenye programu yako bila kuyabadilisha.

Unaniambia nisijisumbue. Mwanangu, nimestaafu ualimu. Sina kingine cha kujisumbulia.

Margareta ananiuliza kila siku kama filamu imefika. Kwa miaka yote ya ndoa yetu nimemsimulia kihamba chetu, shamba la ukoo: mfereji, kahawa chini ya migomba, mlima unavyojifunika asubuhi. Nimemwahidi kwamba tutalala wote wawili pale. Yeye ni Mfipa wa hapa hapa Laela, na kukubali kuzikwa mbali na kwao si jambo dogo. Nimemwambia asubiri, niione kwanza mimi. Nakurudishia kadi.

Leonce


Moshi
26 Mei 2013

Baba Mdogo, shikamoo.

Umetuchekesha dukani. Vijana ninaofanya nao kazi nimewasomea zile nukta zako, mmoja akasema, "Dada Aika, huyo mzee ni noma, mlete atufundishe." Mama hajambo kidogo. Shangazi Bernadetha amevuna viazi vikuu, ametuletea.

Nimegeuza faili kama ulivyoagiza. Kompyuta ilishinda nalo kutwa nzima. Sasa litacheza. Ila ujue kwamba kila faili likigeuzwa hupoteza kitu. Ukiona pengo hapa au pale, si kosa la mtu, ni mashine.

Nafasi ilibaki kwenye kadi, nikakuwekea na wimbo mmoja wa kwaya ya vijana wa parokia, nilirekodi mwenyewe. Nilifikiri ungependa kusikia watu wa nyumbani wakiimba.

Aika


Laela
7 Julai 2013

Mwanangu Aika,

Marahaba, na asante. Habari za huku ni njema, isipokuwa jirani yetu mzee Rogath amefariki, tulimzika Alhamisi. Yeye ndiye Mchaga pekee mwingine niliyekuwa nazungumza naye lugha yetu. Sasa nazungumza mwenyewe.

Filamu inacheza. Niliitazama Margareta akiwa kwenye jumuiya. Nimemwona kaka akishushwa. Nimemwona mama yako, amezeeka vizuri. Elisaria ana mabega ya babu yenu. Binti mwenye gauni la zambarau anayemshika mama yako, nimeamua kwamba ndiye wewe.

Lakini filamu haina sauti. Nilifungua kijitabu kutafuta kosa langu, kisha nikafungua ule wimbo wa kwaya. Unaimba vizuri kabisa, nikasikia hadi kikohozi cha mtu nyuma. Kadi ni moja, mashine ni moja, aliyegeuza ni mmoja. Wimbo una sauti na mazishi hayana.

Kuna jambo la pili. Kamera ya siku hizi inapiga picha pana, na kioo changu ni chembamba. Kwa hiyo ama nyuso zingebanwa zikawa nyembamba, ama utepe mweusi ungekaa juu na chini, ama picha ingekatwa pembeni. Nyuso hazikubanwa. Utepe haupo. Basi imekatwa. Lakini programu ikikata yenyewe, hukata pande zote mbili sawasawa. Hapa upande wa kulia nauona mti mzima wa kahawa na pipa la maji, na wa kushoto umekatwa hadi katikati ya kaburi la mama. Na kila mpiga picha anapoanza kugeuza kamera upande ule, picha inaruka.

Mjomba wenu Hosea anasoma wasifu wa marehemu. Naona midomo yake tu. Anafika mahali, anainua mkono kuonyesha kushoto, na dada Bernadetha anatazama huko, anafanya ishara ya msalaba. Baada ya mashada, wanawake wawili wanabeba maua yaliyobaki, wanatoka kwenye picha kwa upande wa kushoto. Wanarudi mikono mitupu.

Kushoto mwa mama ni mahali pangu. Pana nini pale, Aika?

Leonce


Moshi
1 Septemba 2013

Baba Mdogo, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi, shule zilikuwa na mitihani. Wote hawajambo. Pole kwa kufiwa na mzee Rogath.

Kuhusu filamu, sauti ilikuwa na kelele za upepo nikaona ni heri niitoe. Na picha niliikata ili watu waonekane wakubwa kwenye kioo chako kidogo. Hakuna kitu kushoto, ni migomba tu. Faili la mwanzo sasa halipo, mpiga picha alilifuta.

Kahawa imeanza kuiva.

Aika


Laela
22 Septemba 2013

Aika,

Marahaba.

Watu wa kwetu hawapelekei migomba mashada.

Nilifundisha watoto miaka thelathini na mitatu. Najua mtoto anayedanganya kwa sababu ni mwongo, na najua anayedanganya kwa sababu ametumwa kubeba kitu kizito kuliko yeye. Sikukasirikii. Lakini Kindness ana likizo Desemba. Nikikosa filamu nzima nitamtuma Kibosho afike kwa Bernadetha, aseme yeye ni mtoto wa nani, aingie kihambani na kupiga picha kwa simu yake. Kadi ni hii.

Leonce


Moshi
3 Novemba 2013

Baba Mdogo, shikamoo.

Leo sitaanza na mvua wala miguu ya mama.

Usimtume Kindness. Akisimama mbele ya Shangazi Bernadetha na kusema ni mtoto wako, Shangazi atadhani ni mzimu. Wewe ulishakufa, Baba Mdogo. Ulikufa mwaka 1996.

Askari mmoja wa hapa aliyekuwa kazini Mbeya alirudi akasema lori lililobeba walimu limepinduka, na mwalimu Mchaga wa kutoka Rukwa ni mmoja wa waliokufa, wakazikwa huko huko. Barua zako zilikuwa zimekoma miaka kadhaa. Baba akasafiri hadi Mbeya, hakupata kaburi wala mtu wa kumwambia jina, akarudi amekonda. Wazee wa ukoo wakasema mtu wetu hawezi kupotea hivyo, lazima arudi kwa mama yake. Wakakata mgomba wa urefu wako. Wakauvalisha shati uliloliacha kwa bibi. Padri hakuja, lakini watu wote walikuja. Wakauzika kushoto mwa bibi, pale pale alipokugawia. Nilikuwa na miaka kumi, nilishika mshumaa.

Ulikuwa huna mtoto tunayemjua, basi mimi nikapewa kazi ya kukutunza. Kila Siku ya Marehemu Wote nilikunyunyizia maji ya baraka na kukuwekea maua. Nilikusimulia habari za shule. Nilipofeli hesabu uliambiwa wewe kabla ya mama. Nilikupenda sana, nakwambia ukweli.

Baba alijua lini kwamba uko hai? Mimi sijui, nawe unajua ulianza kumpigia simu mwaka gani. Najua tu kwamba kwenye simu yake namba yako ameiandika "Mbolea". Ilipoita ile Januari nilipokea ili nimwambie muuza mbolea kwamba mteja wake amefariki. Ukasema, "Mimi Leonce, mdogo wake." Ndiyo maana nilinyamaza.

Nyumba ya bibi ilibomolewa. Kihamba chako alipewa Elisaria, kwa sababu wazee walisema kitindamimba amekufa bila mtoto. Amejenga pale, amepangisha vyumba, mama anaishi humo. Elisaria hajui kitu. Ukirudi, hata kwa barua tu, ukoo utakaa. Mgomba utafukuliwa, atachinjwa mbuzi, watakuosha kama mtu aliyetoka kuzimu. Na jina la baba yangu litasemwa mbele ya watu wote, naye hawezi kujitetea.

Mimi nilikuwa na hasira naye, bado ninayo. Lakini na wewe Baba Mdogo, nikuulize, ulikuwa wapi? Desemba kila mtu wa Kibosho anarudi. Wanarudi hata walevi wa Dar wasio na nauli, wanapanda malori. Mtu mzima, mwalimu, anaambiwa kwenye simu "usije," naye haji? Mwaka mmoja sawa. Miaka yote ile?

Nimegeuza filamu yote. Sikukata kitu, nimeacha utepe mweusi juu na chini. Sauti ipo. Faili la mwanzo lilikuwapo siku zote, mpiga picha hakufuta chochote.

Humu nimeweka jani la isale. Nimelichuma kwenye mpaka wa kihamba, jana, nilipotoka kwenye kaburi lako.

Aika


Laela
1 Desemba 2013

Mwanangu Aika,

Marahaba. Jani limefika limekauka, lakini halikuvunjika. Unajua kwamba msamaha ukiombwa kwa isale haukataliwi, na ndiyo sababu ukalituma. Sikulaumu. Hata mimi ningetafuta kitu ambacho mwenzangu hawezi kukikataa. Basi nimelipokea. Sitamwandikia Bernadetha, sitamwandikia mjomba wenu Hosea, na Kindness atatumia likizo yake kulala, maana wauguzi hawalali.

Filamu nimeitazama yote. Kaburi langu ni zuri. Wamelipaka chokaa, na mwaka wa kuzaliwa wameuandika sawasawa. Hata huku kwenye kitambulisho changu wamekosea. Sauti ya Hosea haijabadilika tangu tulipokuwa darasa moja. Anasoma: "Ameacha dada mmoja. Mdogo wake, marehemu mwalimu Leonce, amelala hapa kando ya mama yao." Hapo ndipo anapoinua mkono. Bernadetha analia kidogo, kilio cha mtu aliyeshazoea. Nimerudisha nyuma pale mara nyingi kuliko inavyofaa. Nashukuru kwa maua. Pole kwa ile hesabu.

Umeniuliza nilikuwa wapi. Swali ni halali, na sitalijibu. Nitakwambia jambo moja tu la kaka. Kila nilipompigia, kabla hajaniambia kitu, nilisikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, na hatua zake kwenye majani. Miaka kumi na miwili nilidhani anatoka nje kutafuta mtandao. Nilikuwa namwonea huruma kwa baridi.

Alipokuwa Mbeya akinitafuta kati ya maiti, alinitafuta kweli. Hilo nimeliamini kwa sababu umesema alirudi amekonda, na kaka hakuwa mtu wa kukonda kwa kuigiza. Aliyenipoteza ni yule wa baadaye, aliyesikia sauti yangu akatazama matofali ya mwanawe. Wote wawili wamelala kwenye kaburi moja, nami siwezi kumlilia mmoja bila kumlilia mwingine. Kwa hiyo bado sijalia.

Mahali kando ya mama pamejaa. Pana mgomba uliooza ndani ya shati langu, nao una haki kuliko mimi, maana uliombolezwa. Nitazikwa hapa Laela. Udongo wa makaburi ya huku ni mwekundu na mwepesi, hauna mizizi. Novemba ikija endelea kuninyunyizia maji kama kawaida, watu wasishangae. Ukiwa na habari ya kunisimulia, isimulie pale pale.

Lakini kuna Margareta. Jana ameniuliza tena. Nimekuwa nikimwambia kwamba kamashine kanakataa faili, na yeye amekaamini kuliko nilivyostahili. Amefua kitenge chake cha kwaya, amesema siku filamu ikikubali atakivaa, kwa sababu anakwenda kuwatazama wakwe zake kwa mara ya kwanza. Anataka kuona mfereji. Anataka kuona nafasi yetu. Hajui kusoma midomo, wala hajui kaburi la mama linaishia wapi.

Kwa hiyo nakurudishia kadi. Faili la mwanzo unalo. Ligeuze tena kama ulivyoligeuza ile mara ya pili: AVI, nukta 320 kwa 240, sauti itoke yote, na upande wa kushoto ukate pale pale ulipokata. Wimbo wa kwaya uache kama ulivyo. Akiniuliza mbona watu hawasikiki, nitamwambia kwamba kila faili likigeuzwa hupoteza kitu.

Fanya haraka kidogo, kabla ya Krismasi.

Leonce